Mtego Haukulia

Faili lilikuwa limebadilika tena, na mtego haukulia.

Nasima Machano aliikodolea macho laptopu yake ya ThinkPad kwa hasira ambayo hakujaribu hata kuificha. Skrini nyeusi. Juu yake mstari mmoja aliouandika mwenyewe asubuhi: inotifywait -m -r /ramani. Chini ya mstari huo hamna kitu. Kishale kinawaka, kinazima, kinawaka.

Amri ile ina kazi moja tu. Unaionesha folda, inakaa macho. Faili likifunguliwa, inasema. Likiandikwa, inasema. Likifutwa, inasema. Haisinzii, haiendi kuvuta sigara. Nasima amewahi kuwanasa nayo wezi wa siri za serikali huko bara, tena bila kuinuka kitini.

Leo imenyamaza tu.

Nokia ndogo ya kazini ilitetemeka mezani.

"Chai tayari?" Sauti ya Zahran, mkuu wake katika Idara ya Usalama.

"Bado. Kuna mtu anatia chumvi, na mkono wake siuoni."

"Wewe si umekaa jikoni?"

"Nimekaa jikoni, mkuu. Naitazama sufuria. Sioni mkono."

"Saa kumi, Nasima. Ikipita hapo tunainywa sote."

Simu ikakatika. Zahran hana tabia ya kuaga.

Sasa usidhani Nasima alikuwa akilinda picha za harusi. Alikuwa ghorofa ya kwanza, Shangani, katika kampuni ndogo ya Bwana Hamoud inayochora ramani za bahari na kuzipeleka melini kwa mtandao. Na asubuhi ile meli ya mafuta iitwayo Merva ilikuwa imetoka Dar es Salaam, matangi yamejaa dizeli, ipite mashariki ya Unguja. Mbele ya Makunduchi kuna mwamba. Ramani ya kweli inasema juu ya mwamba ule maji ni mita mbili. Mtu ameongeza mbili nyengine mbele, ikawa ishirini na mbili. Kwa ramani hiyo nahodha atakata kona roho yake imetulia, na dizeli yote itamwagikia mwani wa watu.

Nyuma ya mtu huyo kuna matajiri wa nje wanaoutaka ufukwe wa Makunduchi wajenge mahoteli. Wenyeji wamekataa kuuza. Mwani ukifa, watauza. Ndivyo ilivyosema taarifa ya Idara, na Nasima aliisoma akiwa amekunja ngumi, maana mama yake, Bi Mwanapili, vigingi vyake vya mwani viko pale pale. Vigingi hivyo ndivyo vilivyomsomesha Nasima.

Kumwambia nahodha kwa mdomo haikusaidia. Wiki nzima watu walikuwa wakimpigia redioni wakijifanya wa bandari, leo hivi kesho vile, mpaka akaapa hatosikiliza tena sauti ya mtu. Anaamini ramani yenye muhuri wa mashine ya Hamoud, basi. Saa kumi alasiri ataivuta ramani ya mwisho na kugeuza. Na mashine ikizimwa kabla ya hapo, atabaki na ile aliyoivuta asubuhi, ambayo ni ya uongo.

Kwa hiyo Nasima alikuwa akisahihisha. Anaandika mbili. Anasubiri. Anafungua, anakuta ishirini na mbili. Anaandika tena, anakuta tena. Wallahi inachosha roho.

Na ile ya Jamil ndiyo iliyomuudhi zaidi.

Jamil ni fundi wa kompyuta wa ofisi, mtu mzima mwenye kitambi na heshima zake. Adhuhuri, faili lilipobadilika, Jamil aliinuka ghafla, akakwapua mkoba, akashuka ngazi mbio. Nasima akamfuata. Kichochoro, kona, kichochoro, buibui amelikunja mpaka magotini, bastola ya Glock kwenye mkoba wake, redio ya Baofeng inamgonga nyonga. Alimpata Sokomuhogo, akambana ukutani kwa kiwiko.

"Fungua mkoba."

Jamil akafungua. Ndani mlikuwa na bakuli tupu na kifuniko chake.

"Urojo," Jamil alisema kwa taabu. "Wa Bi Bashira. Ukichelewa unakwisha."

Waliokuwa barazani waliweka vikombe vya kahawa chini ili watazame vizuri. Nasima alimwachia, akamnyoosha kola, akaomba radhi. Sasa Jamil alikuwa amekaa pembeni ofisini na urojo wake, akiunywa kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika.

Nasima alivuta laptopu karibu.

"Hebu tuone kama umekufa," aliiambia skrini.

Akaandika amri ya kuunda faili tupu ndani ya folda ile ile.

Skrini ikaruka. CREATE. OPEN. CLOSE_WRITE. Limeundwa, limefunguliwa, limeandikwa na kufungwa. Mtego mzima kabisa.

"Mie unanisikia," alisema polepole. "Yeye humsikii. Kwa nini?"

Alifungua dirisha jengine akaiuliza mashine swali ambalo alipaswa kuliuliza tangu alipoingia: folda hii inakaa kwenye diski ipi? Jibu likaja. Haikuwa diski. Ilikuwa anwani, safu ya namba na nukta. Folda ilikuwa imeazimwa kutoka mashine nyengine, mbali.

Nasima aliegemea kiti, akafumba macho. Mtego wa namna ile unasikia yanayofanyika kwenye mashine ulipotegwa tu. Mtu akiliandika faili huko linakokaa, huku hakuna mlio. Tangu asubuhi alikuwa akilinda mlango wa mbele wa nyumba ambayo watu wanaingilia uani. Yeye, anayewafundisha wenzake mambo haya.

"Bwana Hamoud."

"Naam." Hamoud alichungulia kutoka chumba cha pili, kanzu nyeupe, kofia imekaa sawa, mtu mpole hata kumkasirikia ni kazi.

"Folda ya ramani haiko hapa."

"Haiko," alikubali Hamoud.

"Iko wapi?"

"Kwa shangazi."

Nasima alihesabu pumzi zake.

"Shangazi yupi?"

"Bi Dalal. Mtoni. Hapa pana joto, na umeme ukikatika mashine inalala. Shangazi anauza barafu, ana mafriza na jenereta kubwa. Tukaona ikakae kwake, kuna baridi."

"Na hukunambia."

"Nilidhani unajua. Kila mtu anajua."

"Hata muuza kahawa anajua," Jamil alisema na kijiko mdomoni.

"Nani anaweza kuingia ndani yake?"

"Sisi tu. Mie, Jamil na shangazi. Nilimfungulia jina lake aone picha za wajukuu. Mashine iko nyumbani kwake, Bi Nasima. Ingekuwa aibu kumfungia."

Kuna maneno yalimjia Nasima ambayo mtoto wa watu hayasemi mbele ya mtu wa adabu. Aliyameza. Alimtaka Hamoud ampe neno la siri la ufunguo mkuu, lile linaloamuru mashine nzima, kisha akamnyooshea Jamil kiganja.

"Ufunguo wa Vespa."

"Ina mafuta kidogo," alisema Jamil, na akautoa shingo upande.

Darajani palikuwa pamefungana. Nasima alipita kati ya mikokoteni na magari, akapanda ukingo wa njia, akatukanwa, akatokea njia ya Bububu. Redio ikakoroma ndani ya buibui.

"Uko wapi?"

"Njiani, mkuu."

"Njiani wapi?"

"Nnakwenda kwa shangazi."

"Hilo neno la siri jipya?"

"Hapana, mkuu. Ni shangazi."

Nyumba ya Bi Dalal iko karibu na magofu ya kasri ya zamani, ghorofa moja, kuta nene, jenereta ya Honda uani. Mlangoni pana mkeka na viatu vya watu vimepangwa. Nasima alivua vyake na kuingia peku.

"Shikamoo, Bi Dalal."

"Marahaba, mwanangu. Hamoud kanipigia, kasema unakuja kuitazama mashine yake. Kaa kitako."

"Nna haraka, bibi."

"Haraka ya nini na jua lote hili? Lete mkoba." Na kabla Nasima hajafungua kinywa, Bi Dalal alikuwa ameuchukua mkoba begani mwake na kuutundika msumarini huko ukumbini, maana kwake mgeni hakai ameshika mzigo. Nasima aliwahi kuichomoa laptopu tu; Glock ikaenda na mkoba.

Chumba cha barafu kilikuwa nyuma. Sakafu ya saruji imelowa, mafriza mawili yananguruma, na kati yake mashine, imefunikwa kitambaa cha kufuma na chupa ya maua ya plastiki juu yake. Taa ya buluu ilimetameta chini ya lile ua. Waya wake ulichomekwa kwenye soketi ya ukutani, blenda imekaa kando.

"Itazame," alisema Bi Dalal. "Lakini usinihamishie maua."

Nasima alichuchumaa, akaunganisha laptopu, akaingia kwa ufunguo mkuu. Safari hii alitega hapa hapa, kwenye mashine yenyewe. Akaandika mbili mahali pa ishirini na mbili. Alipoinua macho, Bi Dalal alikuwa ameshika plagi ya mashine.

"Bi Dalal, usichomoe."

"Nnachomoa kidogo tu, nikusagie juisi ya barafu. Soketi moja imekufa. Kila siku nachomoa."

Nasima aliudaka mkono wa mama yule kwa mikono yake miwili, taratibu, kama anayetaka kuubusu.

"Leo nitakunywa maji matupu, bibi. Nayapenda sana."

Bi Dalal alimtazama kwa huruma, akarudi kwenye kiti chake mlangoni na bakuli la tangawizi ya kumenya.

Skrini ikaruka.

OPEN. MODIFY. CLOSE_WRITE.

Limefunguliwa, limeandikwa, limefungwa. Mtego umelia. Nasima alikunja ngumi kwa furaha, na furaha yenyewe haikumfikisha mbali. Amri ile inasema faili limefanywa nini. Haisemi nani kalifanya. Alifungua faili, akakuta ishirini na mbili. Yarabi, siku gani hii.

Akaandika amri nyengine, fupi, inayotaja walio ndani ya mashine. Ukiacha lake mwenyewe, jina lilikuwa moja: dalal. Nalo lilikuwa limeingia kupitia Wi-Fi ya nyumba hii hii.

Bi Dalal alikuwa mbele yake, mikono yote miwili kwenye tangawizi.

"Bibi, yumo nani mwengine humu ndani?"

"Hamna mtu. Yuko mgeni wangu tu, juu. Bwana Lukas. Mzungu, lakini ana adabu zake, Kiswahili anakisema vizuri. Tangu msimu wa kusi uliopita yuko nami. Ananibebea barafu."

"Neno lako la siri analijua?"

"Mie vidude vile siviwezi, mwanangu. Yeye ndo hunifungulia picha za wajukuu."

Alilisema hilo bila wasiwasi wowote, akaendelea kumenya.

Nasima alitazama saa yake ya Casio. Saa tisa na nusu imepita. Angeweza kupanda juu. Lakini akipanda, mashine inabaki na blenda, na mtu wa juu akimsikia ngazini atashukia upande mwengine. Huyo hahitaji hata kuandika tena. Kuchomoa waya kunamtosha, Merva ibaki na ramani ya asubuhi. Basi na aje mwenyewe.

Akairudisha namba mbili. Kisha akaandika chattr +i na jina la faili. Amri hiyo inalifunga faili likawa kama limetiwa saruji. Linasomeka, haliandikiki, mpaka mwenye ufunguo mkuu alifungue. Na ufunguo mkuu Bi Dalal hana, kwa hiyo na mgeni wake hana.

OPEN. CLOSE_NOWRITE.

Amefungua. Amefunga bila kuandika.

OPEN. CLOSE_NOWRITE.

Tena. Na tena. Mistari ikaanza kushuka upesi upesi, na Nasima, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, alijisikia vizuri. Alimjua mtu yule anavyokaa sasa hivi. Anaandika, anafungua, anakuta halikuandikika. Anaandika tena, anakuta vile vile. Anajiuliza kama ni macho yake. Na aonje na yeye.

Alibonyeza Baofeng.

"Mkuu, leta watu Mtoni. Nyumba ya barafu."

"Nusu saa."

"Sina nusu saa."

"Ndiyo niliyonayo."

Mistari ikakoma. Juu kiti kikasogea. Hatua zikashuka ngazi, nzito, za mtu aliyevaa buti.

Lukas alikuwa mrefu, shati la kitani, begi la safari mgongoni, taulo limefunika mkono wa kulia. Chini ya taulo ilichomoza ncha ya chuma yenye kiziba sauti. Alisimama mlangoni mwa chumba cha barafu, nyuma kidogo ya kiti cha Bi Dalal, na Bi Dalal hakukiona kile chuma.

"Dada," alisema kwa Kiswahili safi, "kaa mbali na mashine."

Nasima aliinuka. Mkoba uko ukumbini, msumarini. Alijilaani, akaulaani msumari, akaulaani na ukarimu wote wa Mtoni. Mkono wake wa kushoto, nyuma ya mgongo, ulikuwa umeinua kifuniko cha friza na kugusa chupa za maji yaliyoganda.

"Umechelewa," alisema. "Halifunguki."

"Sihitaji lifunguke. Nahitaji waya."

Akanyanyua mguu, akakanyaga ndani ya chumba kwa buti lenye vumbi.

"Bwana Lukas," sauti ya Bi Dalal ilikatika kama ya mwalimu. "Viatu."

Na Lukas akasimama.

Miezi yote ile alikuwa amevua viatu kwenye mlango ule, kila akiingia, kila akitumwa. Mwili ulitii kabla kichwa hakijaamua. Aliteremsha macho kuyatazama mabuti yake, na uso wake ukawa wa mtu anayetaka kuomba radhi.

Hapo hapo Nasima alimpiga kwa chupa ya maji iliyoganda. Ilimpata kwenye kifundo cha mkono. Bastola ililia kwa sauti ndogo kama kikohozi, risasi ikaondoka na maua ya plastiki, na bastola yenyewe ikateleza chini ya friza. Lukas alimrukia. Nasima, peku, alisimama imara. Mabuti ya Lukas yenye soli laini hayakuiweza saruji iliyolowa. Alianguka chali, na katika kuanguka mguu wake ukanasa waya.

Plagi ikachomoka nusu. Taa ya buluu ikatetereka.

Nasima alijitupa. Goti moja likatua mgongoni mwa Lukas aliyekuwa akijigeuza, kiganja kimoja kikaisukuma plagi ndani ya soketi na kuishikilia. Taa ikatulia.

"Bi Dalal. Kamba."

"Kamba gani?"

"Yoyote, bibi. Tafadhali."

Bi Dalal alikuwa amesimama, bakuli limemwangukia, tangawizi imetawanyika. Aliitazama bastola chini ya friza lake kwa muda. Halafu alileta kamba anayofungia magunia ya barafu, na akamfunga mgeni wake yeye mwenyewe, mikono na miguu, akikaza kila fundo.

"Nilikupikia biriani ya Idi," alimwambia. "Kwa mikono yangu."

Soketi ilikuwa imelegea. Kila Nasima alipojaribu kuondoa mkono, taa ilitetereka. Basi akakaa. Huyo ndiye jasusi wa Idara, aliyefunzwa kwa gharama za umma: amemkalia mtu mgongoni, nguo zimelowa, mkono mmoja umeishika plagi ya shangazi, mkono mwengine laptopu. Mguu ukafa ganzi. Baridi ya friza ikampiga shingoni. Saa ya Casio ilikuwa ikienda polepole kwa makusudi. Skrini ilikuwa kimya, na kimya kile kile kilichomchefua siku nzima sasa kilimtisha. Kama nahodha amebadili shauri? Kama mtandao umekatika? Mama yuko majini saa hizi. Maji yamekupwa, lazima yuko majini.

Saa kumi.

Hakuna kitu.

Saa kumi na kidogo.

OPEN. CLOSE_NOWRITE.

Mstari mmoja. Faili limefunguliwa, limesomwa, limefungwa bila kuandikwa.

Nasima alimtazama Lukas chini yake, amefungwa. Akamtazama Bi Dalal. Aliyelisoma hayuko nyumba hii. Hakuondoa mkono kwenye plagi mpaka redio ilipokoroma.

"Chai?" aliuliza Zahran.

"Wewe nambie, mkuu."

"Merva imegeuza. Imepita nje kabisa ya mwamba." Kisha, kwa Zahran hili ni jambo kubwa, akaongeza, "Ahsante."

Watu wa Idara walifika wakiwa wamechelewa vizuri, wakavua viatu mlangoni kwa amri ya Bi Dalal, wakamchukua Lukas na bastola yake. Nasima aliwakabidhi na mashine. Bi Dalal aliinua kwanza kitambaa chake cha kufuma, akakikunja, akakaa nacho mapajani.

"Sasa barafu atanibebea nani?" alisema, si kwa mtu maalumu.

Nasima alimbusu mkono. Kisha akanywa ile juisi, yote, kwa kuwa sasa soketi ilikuwa tupu.

Nje, akiwa anavaa viatu, alipiga simu Makunduchi. Iliita sana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekumbuka kama una mama."

"Uko wapi?"

"Wapi tena? Pwani. Nafunga mwani." Upepo ulivuma ndani ya simu, na nyuma yake wanawake walikuwa wakicheka.

"Mama, hebu tazama huko nje. Unaona nini?"

Bi Mwanapili alitazama.

"Meli," alisema. "Kubwa. Iko mbali huko, inapita tu. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Basi usinipotezee muda, maji yanarudi."

Akakata. Nasima alibaki na simu sikioni kidogo, macho yamemjaa maji, kisha akaitia mkobani pamoja na Glock.

Vespa ya Jamil ilikohoa mara moja ikazima. Aliipiga teke tena. Akafungua kifuniko cha tangi akachungulia. Mafuta yamekwisha.

Siku nzima jambo kama hilo lingemtoa moshi masikioni. Aliiegemeza Vespa kwenye ukuta wa Bi Dalal, akatia mkoba begani, akashika njia ya mjini kwa miguu, huku buibui lake likikauka na jua la alasiri.